Futi Elfu Saba Juu ya Butali

Mtoto wa Isaiah alikuwa na wiki saba na hakuwa na jina. Hospitalini waliandika "mtoto wa Mitchel", na nyumbani kila mtu alimwita kadiri ulimi ulivyomwendea: mgeni, kijana, bwana mdogo. Mitchel, mama yake, alikuwa ameanza kumwita Toto. Khalayi alipomsikia alichukia kimoyomoyo, maana alikuwa amewajua wazee wenye mvi ambao bado waliitwa Toto kwa sababu ya uzembe wa namna hiyohiyo.

Si kwamba jina halikujulikana. Siku ya tisa mtoto alilia tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, akakataa titi, akakataa mgongo, akakataa kila alichopewa. Khalayi ndiye aliyekuwa senge wa Isaiah, dada wa baba yake, na ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka mitatu. Basi alifanya wanachofanya watu wa kwao mtoto akilia namna hiyo. Alimkalisha Mitchel mlangoni na mtoto kifuani, akaanza kuwataja marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, polepole, ili mwenye kutaka kurudi ajulikane. Alitaja majina kumi na moja na kilio hakikupungua. La kumi na mbili lilimponyoka tu, hakulipanga: Wangila. Mtoto alinyamaza, akashika titi, akanyonya mpaka akalala.

Msomi atasema mtoto alikuwa amechoka kulia. Khalayi mwenyewe alifundisha chekechea miaka thelathini na moja na angeweza kukuambia hivyo bila kupepesa macho. Lakini Mitchel aliona, na jirani aliyekuwa akipura maharagwe uani aliona, na kwa watu wa kwao Navakholo neno lingekuwa limekwisha hapo.

Halikwisha. Isaiah alirudi jioni kutoka mjini, akaambiwa, akasema hapana. Hakupandisha sauti. Alisema hapana, akaomba chakula, na tangu siku hiyo hakutaka kulisikia tena.

Wangila alikuwa baba yake. Alikuwa rubani wa ndege za kivita, mtu wa kwanza kutoka upande ule kuendesha chochote kinachoruka, na watu walimjua mpaka wale wasiokuwa na undugu naye. Mwaka wa tisini na nane, Alhamisi moja mchana, ndege yake ilianguka kwenye miwa karibu na Butali, mahali ambapo mtu akiwa juu anaweza karibu kuyaona mabati ya nyumba ya mama yake. Isaiah wakati huo alikuwa tumboni, mimba ya miezi sita. Na Jumapili iliyotangulia, Wangila alikuwa nyumbani akigombana na baba yake juu ya kipande cha shamba, akatoka langoni kwa hasira akisema, "Hamtaniona tena hapa."

Watu waliyachukua yale maneno na ile miwa wakavifunga pamoja. Nchi hii ni pana, walisema, ndege ina kila mahali pa kuangukia, kwa nini ije ianguke hapa? Kuka George, mdogo wa babu yake Isaiah na msemaji wa ukoo, aliwakusanya wanaume nyuma ya nyumba na haikuchukua muda. Mtu aliyejitoa uhai hapewi mtoto. Jina lake huzikwa naye, kwa sababu atakayelibeba ataifuata njia ileile. Tangu hapo walizaliwa wavulana wengi katika ukoo ule, na jina la Wangila lilirukwa kama shimo lililo katikati ya njia.

Kuna jambo ambalo Khalayi hakuwahi kumwambia Isaiah. Siku ile ya Jumapili hakuna mwingine aliyekuwa langoni. Ni yeye aliyeyasikia yale maneno ya Wangila, na ni yeye aliyeyapeleka kwa Kuka George, katika ule uchungu wa kwanza ambao mtu husema lolote linalomjia. Alifikiri anaeleza huzuni ya nduguye. Wazee walisikia ushahidi. Miaka ishirini na saba alikuwa ameishi na jambo hilo, na halikuwa limepungua uzito hata siku moja.

Wazee walikuwa na maneno tu, lakini Isaiah alikuwa na kitu alichokiona ni zaidi ya maneno. Alikuwa na gemu.

Alikuwa na chumba cha gemu mjini, mtaa wa Amalemba, skrini nne na viti vya plastiki, na vijana wa mtaa walijaa humo kuanzia saa nne asubuhi. Tatu kati ya zile skrini zilikuwa za mpira. Ya nne, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilikuwa ya ndege za kivita, na hiyo aliitumia zaidi yeye mwenyewe. Alikuwa ameanza akiwa kidato cha pili, kwenye kompyuta ya rafiki, na hakuwa anacheza. Alichukua ile ripoti ya ajali ambayo babu yake alipewa na jopo la uchunguzi, akanakili mambo matatu: ndege ilikuwa kwenye kimo cha futi elfu saba ilipoanza kushuka, ilishuka pua ikiwa chini sana, na mwendo iliokuwa nao. Akaiweka ndege ya kwenye gemu vilevile, kimo kilekile na mwendo uleule, akavuta usukani kuona kama itatoka kwenye kuanguka huko. Ilitoka. Alirudia mara mia mbili na zaidi kwa miaka hiyo yote, kila gemu mpya na bora ilipotokea, na kila mara ilitoka.

Wiki ya tano ya mtoto, Khalayi alipomsumbua tena juu ya jina, Isaiah alimpandisha pikipiki akampeleka Amalemba aone kwa macho yake. Alimpa kiti cha mbele. Khalayi aliona ndege ndogo ya kijivu ikielekea chini, na bahari ya buluu ikija juu kwa kasi, na kisiwa chenye mchanga mweupe.

"Senge, angalia. Hapa ndio alikuwa, elfu saba. Sasa navuta," Isaiah alisema, na ndege ikainua pua taratibu, ikanyooka, ikaendelea na safari zake. "Umeona hiyo namba? Elfu tatu imebaki chini yangu. Hata sijatoa jasho. Angetaka kutoka, angetoka."

Khalayi alijua kufundisha watoto kushika penseli, hakujua ndege. Alisema tu kwamba hiyo ni michezo, na Isaiah akamwangalia kwa upole uliomuumiza kuliko kama angemtukana.

"Mimi sina shida na yeye," alisema. "Lakini alijua niko njiani nakuja, na akaenda. Siwezi kupea mtoto wangu jina ya mtu mwenye hakunitaka."

Khalayi alirudi Navakholo akiwaza njia nzima. Sasa alielewa kwamba haikuwa habari ya jina peke yake. Kijana alikuwa amekaa mbele ya ile skrini nusu ya maisha yake akimuuliza baba yake swali moja, na baba yake kila siku anamjibu kwamba hakumpenda. Na aliyelianzisha swali hilo alikuwa yeye, langoni, kwa mdomo wake.

Msaada ulitoka mahali ambapo hakuutafuta. Siku ya soko pale Navakholo alikuwa akinunua omena kwa Zuena, mama wa Mumias ambaye wamejuana miaka mingi, na Zuena alimuuliza jina la mtoto kama watu wanavyouliza. Khalayi alikusudia kujibu kwa kifupi, akajikuta anaeleza yote amesimama pale na mfuko mkononi. Zuena alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema kwamba kaka yake mkubwa, Ismail, alikuwa fundi wa ndege hizo hizo jeshini kwa miaka ishirini na miwili. Siku hizi yuko kwao Matungu anatengeneza mashine za kusaga, na nyumbani kwake hakuna anayethubutu kuweka filamu ya vita, kwa sababu Ismail hugombana na kila ndege inayopita kwenye runinga mpaka watu wanazima.

Ismail alikuja Amalemba Jumamosi. Alikuwa mtu mfupi, kofia yake safi, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya shingo, na kwenye mfuko wa shati alikuwa na kalamu nne kana kwamba tatu zinaweza kufa ghafla. Alitoa salamu mlangoni, na vijana waliokuwa wakicheza mpira kwenye skrini wakaitikia nusunusu bila kugeuka. Khalayi alikuwa amekuja na bahasha ya ripoti ndani ya kikapu, kama alivyoagizwa kwenye simu. Isaiah alimpa mzee kiti, akamkaribisha kwa heshima zote, kisha akamweleza mapema kwamba asipoteze muda, hii si gemu ya watoto, walioitengeneza walikaa na marubani wa kweli wakawauliza kila kitu.

"Hata mimi huwa nakaa na daktari," Ismail alisema. "Na bado sijapasua mtu."

Vijana wawili walicheka, wakaacha mpira wao. Isaiah alitabasamu kidogo akaanza kurusha. Mzee aliangalia ndege ikipanda wima na mabomu manane chini ya mabawa, haipungui mwendo, haitetemeki, na uso wake ukaanza kukunjamana.

"Hii ndege yako inabebanga mafuta ama inabebanga maombi?"

Hapo ndipo mabishano yalipoanza, na yalikuwa mabishano hasa. Ismail alisema ndege ikikata kona namna ile lazima ipoteze mwendo. Isaiah akamwonyesha namba ya mwendo ikishuka, na mzee akakubali kwa shingo upande kwamba inashuka, ingawa haishuki ya kutosha. Alisema rubani akivuta hivyo damu inamkimbia kichwani na anapoteza fahamu. Isaiah akavuta kwa nguvu na skrini ikaanza kuwa nyeusi pembeni, kama macho ya mtu anayezimia. Mzee alipodai uzito wa mafuta, Isaiah alifungua ukurasa mwingine akamwonyesha mafuta yakihesabiwa kilo kwa kilo, na kwamba ameyaweka sawasawa na yale yaliyoandikwa kwenye ripoti. Kijana alijua kazi yake. Kila mlango ambao Ismail aliubisha, Isaiah alikuwa ameshautia kufuli, na Khalayi aliyaona yote akiwa kwenye kiti chake cha plastiki. Alikuwa amemleta shahidi, na shahidi alikuwa anashindwa mbele ya vijana wa mtaa.

Mwishowe Ismail aliacha kubisha. Aliomba aonyeshwe lile jaribio lenyewe. Isaiah alilifanya, ndege ikatoka. Mzee akaomba tena. Ikatoka. Mara ya tatu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akasogeza kiti mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Hapa ni wapi?" aliuliza.

Isaiah alisema ni kisiwa tu, ramani ya mazoezi, haina jina la maana.

"Na hii maji iko futi ngapi kwenda juu?"

"Maji, mzee? Maji ni sifuri. Ni bahari."

"Na Butali iko futi ngapi?"

Isaiah alitoa simu mfukoni, akatafuta. Khalayi alimwona akisoma, kisha akisoma tena, na mkono ulioshika simu ukashuka polepole mpaka gotini.

Ismail hakumcheka. Aliwageukia wale vijana na kuwaeleza kwa utulivu, kwa sababu alikuwa mtu asiyependa kitu kibaki nusu. Saa ya kimo ndani ya ndege, alisema, haihesabu kutoka shambani, inahesabu kutoka baharini. Sisi wa huku tumezaliwa juu, tumelala juu, tumelima juu, na hakuna anayekumbuka, kwa sababu mtu hahisi kimo cha mahali alipozaliwa. Lakini Butali iko futi elfu tano na mia mbili juu ya bahari. Ripoti ikisema elfu saba, maana yake chini ya Wangila hakukuwa na elfu saba. Kulikuwa na elfu moja na mia nane.

"Wewe ulitoka ukiwa elfu tatu," alimwambia Isaiah. "Toa hesabu mwenyewe. Ulikuwa umeshapita miwa, umeshapita mizizi, uko ndani ya udongo futi elfu mbili."

Hata wale wa mpira walikuwa wamesimamisha mchezo. Isaiah aliirudisha ndege juu ya bahari, akaiweka futi elfu moja na mia nane, pua chini, mwendo uleule, akavuta. Ilipiga maji. Akaiweka tena. Ikapiga maji. Alijaribu kuvuta polepole, alijaribu kuvuta ghafla, alijaribu kupunguza injini kwanza, alijaribu kuilaza ubavu, na kila mara bahari ilikuja juu na skrini ikawa nyeupe. Ilikuwa mara ya saba au ya nane ndipo Khalayi alipotambua anachokiangalia. Alikuwa anamwona nduguye akifa, na anayemuua ni mwanawe, mara kwa mara, akijaribu kumwokoa.

Ismail alinyoosha mkono, akamtoa Isaiah kile kidude cha kuchezea katikati ya vidole.

"Basi, mwanangu," alisema. "Inatosha."

Isaiah alikaa akiitazama mikono yake mitupu. Alipoongea sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema amekubali, hakuna ambaye angetoka pale. Lakini hilo linaonyesha tu kwamba hakuweza. Halionyeshi kwamba alitaka. Pengine hakujaribu hata. Gemu haiwezi kusema hilo, alisema, na hakuna mtu anaweza.

Ni kweli, Ismail alisema, gemu haiwezi. Akamwomba Khalayi ile bahasha.

Alisoma taratibu, akifuatisha kwa kalamu, kurasa ambazo Khalayi alikuwa amezipitia mara nyingi bila kuzielewa. Alikijua Kiingereza, alikisoma maisha yake yote, lakini zile zilikuwa orodha za vipande vya chuma, kila kipande na namba yake, kimekutwa wapi na kimepinda vipi, na macho yake siku zote yaliteleza mpaka mstari wa mwisho uliosema chanzo cha ajali hakikuthibitishwa. Isaiah naye alikuwa ameziruka vilevile. Kwenye ukurasa wa kumi na nne kalamu ya Ismail ilisimama.

"Hapa," alisema. "Wameandika mkia ulikutwa nyuzi kumi na saba."

Hakuna aliyeelewa, kwa hiyo alieleza. Mkia wa ndege ile, alisema, ni mtumwa wa mkono wa rubani. Rubani akisukuma usukani mbele, mkia unainama huku na pua inashuka. Akiuvuta tumboni, unainama kule na pua inapanda. Ndege ikigonga chini, chuma kinachoushika ule mkia kinabanwa palepale kilipo na hakisogei tena, kama alama ya mguu kwenye tope lililokauka. Ndiyo maana wachunguzi hukipima. Wanataka kujua mkono wa rubani ulikuwa wapi mwishoni.

"Mimi nimefunga hiyo mikia miaka ishirini na mbili," alisema. "Kumi na saba ni mwisho. Hakuna kumi na nane."

"Mwisho wa nini?" Khalayi aliuliza.

"Wa kuvuta, mama. Alikuwa anavuta. Alivuta mpaka mahali hakuna pa kuvuta tena, na akashika hapo mpaka ikagonga."

Isaiah aliuliza kama mkia unaweza kufika pale wenyewe, bila mtu. Ismail alifungua ukurasa uliofuata, akamwonyesha walipoandika kwamba mipira ya mafuta inayouendesha mkia ilikutwa mizima, na akasema hapana, kwa mipira mizima mkia hauendi popote bila mkono. Alisema pia kwamba hajui kwa nini pua ilishuka hapo mwanzo. Karatasi haijui, na yeye hatadanganya mtu. Anajua tu kile chuma kinasema, na chuma kile kinasema kwamba mtu aliyekuwa ndani alitaka kutoka.

"Ilichukua muda gani?" Isaiah aliuliza.

"Sekunde tatu. Nne."

Isaiah aliinuka, akatoka nje, akasimama ukutani penye jua na kuficha uso kwa mikono yote miwili. Vijana walijifanya wanaangalia mpira. Ismail alirudisha karatasi ndani ya bahasha kwa mpangilio wake, akamkabidhi Khalayi, na alipoombwa abaki apate chai alisema mashine ya mtu inamngoja Matungu na unga haujisagi.

Jumapili walikwenda kwa Kuka George. Alikuwa na miaka themanini na minne sasa, na sikio moja tu ndilo lililokuwa likifanya kazi, kwa hiyo Isaiah alipiga magoti upande huo akamweleza yote, bahari na Butali na zile nyuzi kumi na saba. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho. Khalayi alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alikuwa hata amepanga kusema mbele ya wote kwamba yale maneno ya langoni ni yeye aliyeyaleta, na kwamba mtu akisema kwa hasira hamtaniona tena, hasemi zaidi ya hasira yake. Aliyasema, na Isaiah akageuka kumwangalia. Aliangalia kwa muda mrefu, kisha akasogea akamshika mkono, na Khalayi akajua kwamba atasamehewa, ingawa si leo.

Kuka George alifumbua macho. Hakuuliza juu ya ndege wala juu ya langoni.

"Hiyo karatasi ilikuwa wapi miaka hii yote?" aliuliza.

"Kwa sanduku langu, Baba," Khalayi alisema.

Mzee alitikisa kichwa, si kwa kumlaumu, na machozi yakamtoka kama yanavyowatoka wazee, bila kilio.

"Basi mpeeni mtoto jina ya babu yake," alisema. "Sisi tulikosea. Hata mimi nilikosea."

Walirudi nyumbani mchana. Isaiah aliingia ndani, akamchukua mtoto kutoka kwa Mitchel, akamwita kwa jina lake mara ya kwanza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwenzake waende shamba. Mitchel alipiga vigelegele viwili, akasita, akamtazama Khalayi, kwa sababu Khalayi hakuwa ameitikia.

Khalayi alikuwa amesimama uani. Alitegemea furaha, maana ndilo alilolipigania, na furaha haikuja. Kilichokuja ni zile sekunde nne. Miaka ishirini na saba alikuwa amemkasirikia Wangila, na ile hasira ilikuwa imemfaa kama ukuta, kwa sababu mtu aliyejiendea mwenyewe hakuhitaji kuonewa huruma. Sasa ukuta haukuwepo. Mdogo wake alikuwa ameona miwa ya kwao ikija juu, akajua, na akavuta kwa nguvu zake zote ili abaki. Alitaka kumwona mtoto wake. Alitaka kurudi hata kwenye ule ugomvi wa shamba, akagombane tena Jumapili nyingine.

Na hakuliliwa. Walimzika asubuhi na mapema kama mtu wa aibu, wanawake wakakatazwa kupiga nduru, wakakatazwa hata kukaa matanga, na Khalayi aliyekuwa na miaka thelathini na mmoja alisimama kando ya kaburi akiwa ameuma kanga yake kwa meno. Hakuna aliyewahi kulitaja jina la Wangila kwa kilio.

Alifunua kichwa, akaweka mikono yote miwili utosini, akapiga nduru.

Nduru hiyo ilivuka ua, ikavuka mahindi, na majirani waliisikia, kwa sababu hakuna mtu wa Navakholo asiyeijua maana yake. Walitupa walichokuwa nacho wakaja mbio, wengine bado na majembe mikononi, wengine na unga kwenye vidole. Walimwona Mitchel mzima, wakamwona mtoto mzima mikononi mwa Isaiah, wakaangalia huku na huku wakitafuta maiti. Mama mmoja mzee, aliyekuwa jirani tangu enzi za baba yake Khalayi, alimshika mabega na kumuuliza ni nani aliyekufa.

"Ni ndugu yangu," Khalayi alisema. "Ndugu yangu amekufa. Amekufa akitaka kurudi nyumbani."

Yule mama alijua kwamba Khalayi alikuwa na ndugu mmoja tu. Alisimama kidogo akimwangalia usoni. Kisha aliliweka jembe lake chini, akafungua kitambaa kichwani, akaanza kumlilia Wangila kwa jina lake, na wengine waliokuwa na umri wa kukumbuka wakaitikia. Wale wadogo walianza kutoa viti na mabenchi nje, kwa sababu watu wangezidi kuja.

Isaiah hakuwahi kumsikia mtu yeyote akimlilia baba yake. Alikuja na mtoto kifuani, akaketi chini kwenye majani katikati ya wale wanawake, mahali pa mfiwa, na watu wakaanza kuja mmoja mmoja kumpa mkono wa pole.